Hatua Kumi na Tisa

Tanuri la mkate liko ng'ambo ya barabara.
Nikisimama dirishani, hapa Tbilisi, ghorofa ya pili,
namwona Zhuzhuna akiibandua mikate ukutani mwa tanuri
kwa ndoana yake ndefu,
na upepo ukiwa mwema naisikia harufu.

Hatua kumi na tisa. Tsiala alizipima kwa kamba.
Lakini barabara ina njia nne za magari, na magari hayana subira,
kwa hiyo mkate wangu una safari:
ngazi arobaini na nne kushuka chini ya ardhi,
kupita ujia wa mikojo na maji yaliyotuama,
mbele ya mama auzaye soksi kwa mwanga wa tochi,
halafu ngazi arobaini na nne kulirudia jua.
Na kurudi nyumbani ni vilevile. Zidisha mwenyewe.
Goti langu limechoka kuzidisha.

Nisijifanye mtakatifu.
Miaka thelathini na mmoja nimeendesha lori,
na gari langu dogo la kijivu nililiegesha
juu ya njia ya waendao kwa miguu, magurudumu yote manne,
kila jioni, bila haya,
mama mwenye kigari cha mtoto akishuka barabarani kunipisha.
Nilimwona. Mwenye macho haambiwi tazama,
ila mimi nilikuwa na usukani.

Kisha daktari akalipasua goti, akanikabidhi mkongojo,
na ukingo wa shubiri moja ukawa mlima.

Tsiala Gvaramia, mwalimu mstaafu wa jiometri,
akabisha hodi na daftari.
"Gocha, huna kazi. Kaa dirishani uhesabu."
Nikahesabu. Jumanne moja, asubuhi hadi usiku:
mia mbili na sita waliokatiza mbio
wakiliogopa shimo kuliko magari;
wazee waliofika mdomoni mwa ngazi wakageuka, thelathini na wanane.
Hao ndio walioniuma.
Hakuna amwandikaye aliyegeuka.

Tukaenda halmashauri ya jiji, watu kumi na mmoja.
Ofisa, kijana mpole, alitumiminia chai na neno "mtiririko":
mtiririko wa magari haukatizwi.
"Mwanangu," Tsiala akasema, "nasi tunatiririka, ila polepole."
Akaahidi kwamba watachukua hatua.
"Chukueni kumi na tisa," akajibiwa. "Zaidi ya hapo hatuhitaji."

Miezi minane. Haikuchukuliwa hata moja.

Usiku wa manane, Oktoba, rangi nyeupe ndoo nne
(tulichanga; Zhuzhuna alitoa pesa za unga).
Tsiala akainyoosha kamba kana kwamba lami ni ubao wake,
"Mistari iwe sambamba, tusije tukachekwa,"
vijana wa ghorofa ya tano wakapaka,
nami nikasimama katikati,
taa za gari langu la kijivu zikiwaka mgongoni,
nikiyazuia malori kwa mkongojo.
Pundamilia akazaliwa, mbavu kumi na nne,
kifudifudi, mbali na nyika zake zote.

Asubuhi wa kwanza kuvuka alikuwa mbwa,
yule wa mtaani mwenye herini ya plastiki ya manjano.
Gari la bia likasimama. Si kwa sheria, kwa mshangao.
Nyuma ya mbwa, Tsiala; nyuma ya Tsiala, nusu ya jengo letu,
wengine wakirudi na kuvuka tena bila haja,
kama watoto waliotobolewa mlango mpya.
Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, barabara ilikuwa barabara.

Alhamisi wakaja na mashine, wakaikwangua.
Hawakuikwangua vizuri. Jua likiinama unaiona bado,
weupe wa kovu,
na madereva, sijui kwa nini, hupunguza mwendo hapo.
Kamba imekunjwa, imetundikwa mlangoni kwa Tsiala.
Ndoo moja haijafunguliwa.
Juzi nilikula mkate ukiwa bado unachoma vidole.